Kutafuta spea za Peugeot 404: nenda na kipande, si na jina la gari

Marehemu baba aliniachia Peugeot 404 ya mwaka 1967, rangi ya maziwa. Ukiitaja kwa wauza spea hapa Mombasa, vijana wanakutazama tu. Wazee ndio wanaochangamka: "Ah, Pijo!" Kisha wanakuhesabia ushindi wake wa Safari Rally, 1963, 1966, 1967 na 1968, wanakuagizia na chai, unaondoka mikono mitupu.

Ndiyo maana siku hizi sitaji gari. Naenda na kipande chenyewe, kimeoshwa kwa mafuta ya taa, na kalipa, kile kipimio cha milimita, mfukoni. Fundi wangu ndiye aliyenionyesha, siku oltaneta, ile inayochaji betri, ilipoanza kulia. Aliitoa beringi, akaifuta kwa kitambaa, akaigeuzageuza juani mpaka ikasomeka 6203. Namba hiyo maana yake tundu la milimita 17, kipenyo cha nje 40, unene 12, iwe imetoka kwenye Peugeot au kwenye pampu ya kisima. Duka la spea za magari hatukulikanyaga. Tulikwenda wanakouza beringi tu, na adhuhuri haikutukuta huko. Sili za oili nazo ni vivyo hivyo, vipimo vitatu vimeandikwa pembeni. Raba za silinda za breki huuzwa kwa kipenyo, ila pima tundu la silinda, usipime raba kuukuu, maana huwa imeshavimba.

Pistoni ndizo zilizoniliza. Muuzaji mmoja aliniuzia za Peugeot 504, mdogo wake 404, akiapa ni zilezile. Nusu yake alisema kweli: 404 ya cc 1618 na 504 ya cc 1796 zote zina silinda ya milimita 84. Lakini mwendo wa pistoni ni 73 kwenye ile na 81 kwenye hii. Kwa hiyo weka ya zamani na mpya ubavu kwa ubavu mezani, upime kutoka tundu la pini hadi kichwani. Mimi nilipima nikiwa nimeshalipa. Afadhali injini hii ina silivu za kuchomoa, maji huzizunguka kwa nje, hivyo ukipata seti sahihi ya silivu na pistoni, bloku haina haja ya kuchongwa.

Na usidhani kila cha 504 kitakaa kwa sababu 504 ziliendelea kuunganishwa Kenya hadi 2004. Difu ya gari langu, yaani gia za ekseli ya nyuma, ni ya skrubu na gia ya bronzi. Hata oili yake si hii oili ya gia ya GL-5 inayouzwa kila kituo. Dawa za sulfuri zilizomo kwenye GL-5 huweza kuila bronzi. Difu yako ikiwa bado nzima, itunze kama jicho.

Kuna vitu havipatikani dukani kabisa: vioo vya taa, vishikio vya milango, mikanda ya kromu. Hivyo hutoka kwenye mizoga ya magari. Mimi niliupata wangu bara, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja, chini ya mwembe, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Ukifika pahali kama hapo usianze na bei. Piga hodi, salimu, kaa, uliza gari lilikuwa la nani na lilisafiri wapi. Mzee alinisimulia saa nzima jinsi alivyompeleka mkewe kujifungua humo, mvua inanyesha, na mtoto mwenyewe ndiye huyo anayetuletea uji. Baadaye akasema mwenyewe, "Chukua unachotaka, mwanangu, kuku niachie kiti." Tuliandikiana mbele ya mwanawe, maana ukikutwa njiani na vyuma vya gari bila karatasi utajieleza hadi usiku. Nenda na spana zako na mafuta ya kulegezea kutu, upulize leo, ufungue kesho. Boliti za miaka hamsini ukizilazimisha zinakatika.

Ukishakwama huku, ndipo uagize Ufaransa. L'Aventure Peugeot, wale wenye jumba la makumbusho la Sochaux, huuza spea za magari ya zamani. Tuma namba ya kibati kilicho chini ya boneti, usitume mwaka peke yake, kwa sababu ndani ya mwaka mmoja kiwanda kilibadilisha vitu. Uliza kwanza usafiri na ushuru; gasketi ya kichwa inastahili safari hiyo, bampa haistahili.

Kila ninachopata nakipaka grisi, nakifunga kwenye mfuko na kuandika kimetoka wapi. Sasa nimebakiwa na kioo cha taa ya nyuma, upande wa kushoto. Mzoga wa yule mzee ulikuwa na cha kulia tu. Cha kushoto, alisema, mbuzi alikipiga pembe.