Somo: Kupima ardhi ya Mwanza kabla ya kusaini mkataba wa ujenzi

Wakuu, habari za kazi. Huku kwetu mtu akiona jiwe limechomoza kiwanjani anashangilia kwamba msingi umepatikana. Mimi naliogopa jiwe hilo kuliko tope. Granaiti ya Mwanza imeoza kufuata nyufa zake, yakabaki mawe magumu ya mviringo yaliyozungukwa na udongo wa kichanga. Yale ya Capri Point hapa mjini mvua imeyavua udongo, unayaona. Mengine bado yamefukiwa, na hayo ndiyo yanayokula bajeti.

Hatua ya 1: Tembea. Angalia kuta za majirani kama zina nyufa za ngazi-ngazi. Muulize mchimba visima alikutana na maji kwa kina gani. Udongo mweusi wa mbuga hupasuka kiangazi na kuvimba masika. Wakulima wa mpunga wanaujua kuliko wahandisi wengi.

Hatua ya 2: Chimba mashimo ya majaribio, mita mbili hadi tatu, kwenye kona za jengo na mahali zitakapokaa nguzo nzito. Shimo likipita kiuno, asiingie mtu kabla kuta hazijakingwa.

Hatua ya 3: Choronga, yaani toboa ardhi kwa mtambo. Kwa jengo la ghorofa, hatua hii hairukwi. Nyundo ya kilo 63.5 inaangushwa kutoka sentimita 76, bomba linazamishwa sentimita 45, na yanayohesabiwa ni mapigo ya sentimita 30 za mwisho, kujua ugumu wa udongo. Bomba likigonga jiwe halizami tena. Hapo vijana wa mtambo huandika "mwamba" na kufunga vifaa. Usikubali! Waendelee kukata ndani ya jiwe angalau mita tatu, na penye mawe makubwa mita tano au zaidi. Ukitoboa mita mbili za granaiti safi kisha ukaangukia udongo laini, ujue nguzo yako ilikuwa ikae juu ya jiwe linaloelea. Kagua vipande vinavyotoka: vikiwa vifupi na vyenye kutu ya kahawia, maji yanapita humo.

Hatua ya 4: Iandike kwenye mkataba. Ripoti ya udongo wapewe wazabuni wote. Bei ya kuchimba mwamba itenganishwe na ya udongo, ielezwe ni jiwe la ukubwa gani linalolipwa kama mwamba, na vipimo vichukuliwe pande zote mbili zikiwepo. Kitabu chekundu cha 1999 cha FIDIC (mkataba wa mfano wa ujenzi wa shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri), kifungu 4.12, kinamruhusu mkandarasi kudai muda na gharama kwa hali ya ardhi ambayo mzoefu asingeitarajia. Kwa kifungu 20.1 notisi itolewe ndani ya siku 28. Wapo wenye miradi wanaombebesha mkandarasi hatari yote wakidhani wameokoa. Atapandisha bei, au atakuja kupunguza nondo.

Hatua ya 5: Ardhi ikitofautiana na ripoti, simamisha, piga picha, mwite mhandisi kabla ya zege.

MASWALI YA WANACHAMA

*Injinia, nyumba yangu ya chini, vyumba vitatu, Buhongwa. Nami nichoronge?*
Hapana kaka. Mashimo yanatosha, ila ukikuta mbuga au uko mlimani, mwite mtaalamu.

*Nusu ya msingi iko juu ya jabali, nusu kwenye udongo. Fundi anasema hakuna shida.*
Shida ipo, dada. Upande wa udongo utatitia, wa jabali utagoma, ukuta utapasuka katikati. Shusha msingi wote hadi mwamba, au jengo ligawanywe kwa kiungo, yaani mwanya kati ya pande mbili. Mhandisi achague.

*Kiwanja changu kiko karibu na ziwa. Nimechimba kiangazi, pakavu kabisa.*
Kwanza pima umbali: Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni. Pili, usisanifu kwa maji ya kiangazi. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipita kidogo hata kiwango cha juu cha 1964. Maji ya chini yakipanda, tangi tupu la ardhini linaweza kuinuka lote. Lipewe uzito wa kutosha.

*Mkuu, jirani anachoma moto chini ya jiwe lililo juu ya kiwanja changu, anavunja kokoto.*
Asimame leo. Anaondoa kinachoshikilia jiwe. Nenda serikali ya mtaa, na mafundi wasifanye kazi upande huo hadi jiwe likaguliwe.