Kuandaa dakika 30 za sauti na picha kwa jukwaa la tamasha

Ukipewa dakika 30 za kupiga, jua kwamba za kufunga vyombo ni chache kuliko hizo, tena utafunga gizani huku aliyekutangulia akikusanya nyaya zake. Karibu kila ninachoshauri hapa kinatokana na hilo. Namwandikia anayepiga muziki wa elektroniki wa majaribio chumbani kwake, ila hajawahi kuutoa mbele ya watu pamoja na picha.

1. Anza na sauti chache

Mwaka 1948 Pierre Schaeffer, mtu wa redio mjini Paris, alitengeneza muziki kwa milio ya garimoshi aliyoirekodi, kwa santuri tu. Wewe chukua mfuniko wa sufuria. Ukwaruze kwa kijiko, kinasa sauti kikiwa karibu kabisa, kisha punguza kasi ya rekodi hadi robo. Mlio unashuka oktavu mbili, na ule mkwaruzo wa kukera unageuka kengele nzito yenye mkia mrefu. Sauti sita za namna hiyo zinatosha onyesho zima.

2. Amua mkono utashika nini

Vifungo vinane vya kuendeshea onyesho, basi. Bandika utepe mweupe chini ya kila kimoja na uandike kazi yake kwa kalamu nene, maana gizani hukumbuki kitu.

3. Unganisha picha na sauti, lakini kwa kiasi

Programu ni nyingi. TouchDesigner inapendwa kwa picha. Pure Data ya Miller Puckette ni ya bure, na kwa nyongeza iitwayo GEM inachora pia. Ukitumia programu mbili, zizungumzishe kwa OSC, yaani njia ya programu kutumiana ujumbe.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanachukua ukubwa wa sauti yote na kuufungia kila kitu: rangi, umbo, mzunguko. Baada ya dakika mbili mtazamaji ameshaijua siri, na zilizobaki 28 anaangalia kipimo cha sauti kilichopambwa. Chagua uhusiano mmoja. Mimi huchuja besi pekee, chini ya hezi 120 hivi, nikaipa kazi ya kuendesha mwanga wa picha. Mengine yote huenda kwa mwendo wake yenyewe. Kisha lainisha: mwanga upande ndani ya milisekunde 10, ushuke kwa nusu sekunde. Ukishuka haraka kama ulivyopanda, picha inatetemeka kama taa yenye waya uliolegea.

Mahali fulani katikati, zima picha kabisa kwa sekunde 20 sauti ikiendelea. Watu huanza kusikiliza upya.

Na mwanga wa kumweta usizidi mara tatu kwa sekunde, kwa sababu kuna watu ambao unaweza kuwaletea kifafa. Kikomo hicho kiweke ndani ya programu. Usikiachie mkono wako uliochangamka. Waombe waandaaji wabandike onyo mlangoni hata hivyo.

4. Pima ucheleweshaji ukiwa ukumbini

Bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukitoa, ikiwa ya sampuli 128 kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde ni chini ya milisekunde 3, hiyo haikusumbui. Projekta ndiyo inaweza kula fremu (picha moja moja za video) kadhaa, na kwa fremu 60 kwa sekunde kila moja ni kama milisekunde 17. Upande wa pili, sauti hutumia karibu milisekunde 3 kwa kila mita, hivyo aliye mita 30 kutoka kwenye spika anaipata ikiwa imechelewa kama milisekunde 90. Kwa hiyo kinacholingana mezani pako hakilingani kwake.

Wakati wa majaribio ya sauti, tuma mlio mfupi na mmweko mmoja mweupe kwa pamoja, kisha nenda ukasimame katikati ya ukumbi. Picha ikitangulia, icheleweshe. Ikichelewa, chelewesha sauti inayokwenda kwa watu tu. Spika yako ya jukwaani iache ilivyo, la sivyo vidole vyako vitapotea.

5. Nyaya

Kebo ya HDMI ikipita mita 10 usiiamini. Omba vigeuzi vya SDI, aina ya kebo ya video inayofika mbali zaidi. Ukisikia mngurumo wa chini usiokoma, chomoa chaja ya kompyuta mpakato. Mngurumo ukinyamaza, umempata mwizi, na sanduku la DI (kisanduku kinachokaa kati ya kompyuta na mikisa) lenye transfoma ndilo dawa. Usikate kamwe pini ya ethi kwenye plagi, hata fundi akikuambia hivyo ndivyo wanavyofanya siku zote.

6. Kabla ya kupanda

Zima intaneti, arifa, masasisho na usingizi wa skrini. Mimi niliwahi kuwaonyesha watu ukumbi mzima ujumbe wa mwenye nyumba wangu akidai kodi, kwa upana wa mita nne.

Halafu weka kwenye simu rekodi ya dakika tano ya sauti moja ndefu isiyo na mdundo, uichomeke kwenye chaneli ya akiba ya mikisa. Kompyuta ikikwama, pandisha kitelezi cha chaneli hiyo taratibu, washa upya, na usiangalie watu kwa uso wa kuomba radhi. Kwa muziki huu, wengi watadhani ulipanga.