Kuutunza Ufukwe wa Kuogelea Ziwani: Anza na Choo

Mtu anayekabidhiwa usimamizi wa ufukwe wa kuogelea wa Ziwa Victoria hapa Mwanza, katika wilaya ya Nyamagana au Ilemela, awe mwenyekiti wa mtaa, kiongozi wa kikundi cha mwalo (mahali wavuvi wanapopakulia samaki) au mwenye hoteli, kwa kawaida huanza kwa kununua reki na mapipa ya taka. Hakosei, ila ningemsihi aanze na choo, kwa sababu kinachowaumiza zaidi waogaji wa ziwa letu hakionekani mchangani.

Kinyesi cha mtu mwenye kichocho cha tumbo kikifika majini, mayai yaliyomo huanguliwa na vimelea vyake humwingia konokono; baada ya wiki 4 hadi 6 konokono huyo huanza kutoa maelfu ya viluwiluwi wasioonekana kwa macho, ambao hupenya ngozi ya muogaji kwa dakika chache tu. Choo kimoja kinachotumika kweli kweli huukata mzunguko huo. Kijengeni nje ya mita 60 kutoka ukingo wa maji, umbali ambao Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ndani yake shughuli za kudumu za kibinadamu. Mwanza ni mji wa majabali na shimo refu halichimbiki kila mahali; penye mwamba, jengeni choo cha kuinuliwa chenye tangi lisilovuja na mkubaliane mapema na wenye gari la majitaka ni lini litanyonywa. Kiwe na maji, sabuni, taa na mtu wa kukisafisha, kwani choo kichafu humrudisha mtu kwenye matete.

Matete na gugu maji ndiyo maskani ya konokono. Nimewahi kugeuza jani la gugu maji lililokwama kwenye mawe nikakuta chini yake konokono kadhaa wa rangi ya kahawia, bapa kama vifungo vya shati, hakuna hata mmoja aliyezidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na hatua chache kutoka hapo watoto walikuwa wakioga. Ondoeni magugu hayo mara kwa mara kwenye eneo la kuogelea, mkiwa mmevaa gambuti ndefu na glavu, na myarundike mbali juu ya nchi kavu yakauke, yasirudishwe na mawimbi. Viluwiluwi hutoka kwa wingi jua likiwa kali, hasa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, na maji tulivu ya pembeni penye majani ni hatari kuliko maji ya wazi yenye mawimbi. Waelezeni wageni hivyo, bila kuwaahidi kwamba saa nyingine zina usalama kamili. Kwa bafu la ufukweni, maji ya ziwa yaliyochujwa konokono na kukaa kwenye tangi lililofunikwa kwa saa 48 huwa hayana tena viluwiluwi hai. Anayeoga ziwani mara kwa mara apime kichocho kituo cha afya. Dawa yake, prazikwanteli, inatibu vizuri, ila haizuii kuambukizwa upya.

Mvua kubwa ikinyesha, Mto Mirongo huteremsha ziwani uchafu wa katikati ya jiji. Fukwe zilizo karibu na mdomo wa mto au mfereji wowote zifungwe kwa bendera nyekundu siku 2 hadi 3 baada ya mvua, hata kama biashara italia. Mwombeni afisa afya achukue sampuli za maji kwa ratiba, kwa chupa safi ya maabara, yapata sentimita 30 chini ya uso wa maji mahali watu wanapooga, wala msitegemee sampuli moja. Maji yakigeuka kijani kizito kama rangi iliyomwagika, msiruhusu mtu wala mbwa kuingia, kwa kuwa huo ni mwani, na baadhi yake una sumu.

Taka zikusanywe alfajiri, kabla upepo haujazipeleka majini. Nyavu chakavu na vipande vya chupa vitangulie.

Usalama wa kuogelea nao una vifaa vyake vya kawaida. Pigeni mstari wa maboya mahali kina kinapozidi kifua cha mtu mzima, na mitumbwi isipite ndani yake. Wekeni mtu anayejua kuogelea ambaye kazi yake ni kuangalia tu, na karibu naye dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko barabara na kufungwa kamba ya mita 20. Anayezama arushiwe dumu hilo. Asifuatwe kwa mikono mitupu, kwani humkumbatia mwokoaji wakazama wote wawili. Akitolewa hapumui, asibonyezwe tumbo: apuliziwe pumzi 5, kisha akandamizwe kifua mara 30 kwa kila pumzi 2, bila kukoma hadi msaada ufike. Hata akizinduka na kusema yuko sawa apelekwe hospitali, kwa kuwa mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kumsumbua saa kadhaa baadaye.