Kutoka Mwanza kwenda uwanjani: maandalizi ya siku ya kwanza na namna ya kuzisoma kona

Vijana wanaopita gereji kwangu Nyakato kuuliza habari za uwanja wa mbio za pikipiki wana swali moja la kuanzia: "Kaka, niongeze nini kwenye injini?" Usiongeze kitu. Siku ya uwanja si mashindano. Hakuna kombe, wala hakuna anayeandika nani wa kwanza. Unalipa ada, unapangwa na watu wa kiwango chako, mnaingia kwa awamu za dakika 15 au 20, mnatoka, wanaingia wengine. Hakuna bajaji, hakuna ng'ombe, na wote mnaelekea upande mmoja. Unachokwenda kutafuta pale ni kona. Pikipiki ya cc 250 yenye breki nzima itakufundisha upesi kuliko ya cc 1,000, kwa sababu ile kubwa inakufikisha kwenye kona kabla akili haijafika. Mimi natumia Honda CB400 Super Four, used ya Japani, na mpaka leo ina uwezo mwingi kuliko ninaoweza kuutumia.

Mwanza hatuna uwanja wa lami wa mbio. Safari ya karibu ni Kenya, Whistling Morans, maeneo ya Athi River nje ya Nairobi. Mwenye mfuko mnene anaota Kyalami, Afrika Kusini. Na jamani, daraja la Kigongo–Busisi si uwanja. Tangu lifunguliwe Juni 2025, watu wakiuona ule mnyoofu wa kilomita 3 mikono inawawasha. Upepo wa ziwa unakupiga ubavuni, mbele yako kuna basi la Sengerema lenye akina mama na watoto, na kona ya kujifunzia hakuna hata moja.

Gereji kwanza

Anza wiki mbili kabla, maana spea ya pikipiki kubwa ikikosekana hapa inasubiriwa kutoka Dar.

Tairi ndilo la kwanza. Soma ubavuni, tafuta maandishi ya DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 1817 ni wiki ya 18 ya mwaka 2017. Tairi nyingi za pikipiki kubwa zilizopo mjini zimeingia zikiwa zimevaliwa na pikipiki zilezile za used. Kashata, yale meno ya tairi, zipo, zinang'aa, lakini mpira umekauka. Ukibonyeza kucha na haibaki alama yoyote, ukaona na vinyufa vidogo kwenye mifereji, hilo ni tairi la kwendea sokoni.

Upepo ni mjadala usioisha, nami nakupa wa kwangu tu. Barabarani Super Four yangu inakula PSI 33 mbele na 36 nyuma. Uwanjani naanza na 32 na 32 tairi likiwa baridi, halafu napima tena nikitoka tu, maana tairi likipata moto upepo unapanda. Ukifika, muulize mwalimu wa siku hiyo kuhusu tairi ulilovaa wewe. Nunua geji yako mwenyewe. Za vijiwe vya pancha kila moja ina ukweli wake.

Mafuta ya breki badilisha yote, usijazie. Mafuta ya DOT 4 hunyonya unyevu taratibu, na Mwanza unyevu haukosekani. Breki zikipata moto, ule unyevu unachemka unakuwa mvuke, na mvuke unabonyea: unavuta mkono wa breki, unakuja mpaka kwenye usukani, pikipiki haina habari. Pedi zikiwa chini ya milimita 3, weka mpya. Mnyororo ulegee milimita 20 hadi 30, au kama kitabu cha pikipiki yako kinavyosema. Usiukaze kama waya wa kuanikia.

Pikipiki ya rejeta ina jambo lake. Kulanti, yale maji ya rangi ya kupozea injini, nyingi zina kemikali ya glaikoli, na glaikoli ikimwagika kwenye lami inateleza vibaya na haikauki haraka. Ndiyo maana viwanja vingi vinataka umwage kulanti, usuuze, ujaze maji matupu. Maji ya betri ya petroli stesheni yanafaa, yale yaliyosafishwa, siyo asidi; soma chupa. Maji ya kisima yaache, yanaacha magadi ndani ya rejeta.

Vua vioo vya pembeni. Havina kazi, na aliye nyuma ndiye mwenye jukumu la kukupita salama. Funika taa na indiketa kwa gundi ya utepe, ili ukidondoka vioo visitapakae njiani pa wenzako. Plagi ya kumwagia oili ifunge kwa waya hata kama hujaambiwa. Pita bolti moja moja na spana: kalipa, ekseli, vibanio vya usukani.

Usiiendeshe mpaka huko. Pakia kwenye pikapu, ifunge mikanda minne, mpite Magu, Lamadi, Bunda, Tarime, mvuke Sirari. Kadi ya pikipiki iwe na jina lako au uwe na barua ya mwenyewe, upate kibali cha muda cha forodha na bima ya njano ya COMESA, ile ya kuvukia mpaka. Forodha haiendi kwa haraka ya mtu, basi fikeni mpakani asubuhi.

Mavazi

Sokoni Mlango Mmoja unaweza kupata jaketi la ngozi zuri sana, la kwendea harusini. Ngozi ya mitindo ni nyembamba na uzi wake ni mmoja. Ukiburuzwa kwenye lami inafumuka mshono. Unataka suti nzima ya ngozi, au vipande viwili vinavyoungana kwa zipu kiunoni, pedi mabegani, viwikoni na magotini. Ongeza kinga ya mgongo, glovu zinazofunika kifundo cha mkono, na buti zinazopita kifundo cha mguu. Viwanja vingine vinakodisha suti, kwa hiyo uliza kabla hujauza mbuzi.

Helmeti iwe ya kufunika uso wote, yenye lebo ya kiwango cha usalama cha ECE 22.05 au 22.06 iliyoshonwa kwenye mkanda wa kidevu. Ile ya bodaboda ya kumpa abiria haitakufikisha hata getini.

Kona

Kazi ya kona inaanzia nyumbani, kwenye karatasi. Tafuta ramani ya uwanja, ichore kwa mkono mara kadhaa mpaka uweze kuichora bila kutazama. Tafuta video ya mtu aliyefunga kamera, uitazame huku ukitaja kona inayofuata kabla haijaonekana. Kyalami, yenye kilomita 4.5 na kona 16, kona zake zina majina: Crowthorne, Sunset, Clubhouse, Leeukop, na Mineshaft ambayo ni mteremko mkali. Majina yana kazi, kwani namba hukimbia kichwani ukiwa na hofu, jina linabaki.

Mimi uwanja wowote naupa majina ya vituo vya daladala. Kona ya kwanza Igogo, ya pili Mkuyuni, inafuata Butimba, halafu Nyegezi, Mkolani, Buhongwa, Usagara. Mtu aliyekulia Mwanza hahitaji kufikiri ili ajue baada ya Mkuyuni kinakuja nini. Konda ameshamwimbia tangu utotoni. Zikiisha hizo nageukia njia ya Airport: Kirumba, Pasiansi. Huko uwanjani ukitoka Butimba mdomo unasema "Nyegezi" wenyewe, na macho yanakwenda kuitafuta. Hapo nusu ya hofu inakuwa imeondoka, kwa sababu kinachomtisha anayeanza mara nyingi ni kushtukizwa na kona kuliko mwendo wenyewe.

Kila kona ina sehemu nne za kukariri: unapoanza breki, unapoinamisha pikipiki, unapogusa ukingo wa ndani, na unapotokea. Chagua alama isiyohama. Kiraka cha lami, mwanzo wa ukingo uliopakwa rangi, nguzo, ubao wa mita. Kivuli kinahama. Gari la wagonjwa lililoegeshwa nalo linaweza kuondoka, tena siku hiyohiyo uliyolizoea.

Sasa kuna tatizo letu sisi watu wa huku. Tumezoea kukaa kushoto kwa barabara, na macho yetu yamefundwa kuogopa lori linalokuja. Kona ya kulia haitusumbui sana, kwa kuwa tayari tuko nje yake, tunaingia tukiwa na upana. Ya kushoto ndiyo mtihani. Tunaianza tumeshabana ndani kabisa, tunageuka mapema, na katikati lami inaisha upande wa kulia. Uwanjani lami yote ni yako. Kabla ya kona ya kushoto sogea mpaka kulia kabisa, kule ambako barabara ya Shinyanga ungekutana na fuso uso kwa uso. Mwili utakataa mizunguko ya kwanza. Ulazimishe polepole, ukiwa katika mwendo wa kuongea.

Kosa la kugeuka mapema linajitaja lenyewe ukilisikiliza. Ukitoka kwenye kona unasukumwa kwenda ukingo wa nje bila kutaka, uligeuka mapema. Ukitoka ukakuta lami tele imebaki nje, ama uligeuka kwa kuchelewa ama una akiba ya mwendo. Hilo halina hatari, endelea hivyo siku nzima. Kwa anayeanza, gusa ndani kwa kuchelewa kuliko unavyotamani. Unaona mbali zaidi, na pikipiki inanyooka wima mapema unapofungua mafuta.

Breki maliza pikipiki ikiwa wima. Wazoefu huingia na breki kidogo ndani ya kona. Utafika huko, si leo. Leo: funga mafuta, breki, gia, achia, tazama ndani, inamisha, mafuta kidogo na ya kuendelea. Ukishaingia usifunge mafuta ghafla kwa woga, maana uzito unarukia mbele, mstari wako unavurugika na tairi linaweza kukuacha. Ukiona umeingia kwa kasi kuliko moyo wako, geuza kichwa utazame unapotaka kutokea, sukuma kidogo usukani wa upande wa ndani, na uiache pikipiki iiname. Tairi zima lililopata moto lina uwezo kuliko unavyodhani. Ukikazia macho majani ya nje, utakwenda kwenye majani.

Banana na tanki kwa magoti, kanyaga kwa mbele ya unyayo, mikono iwe milegevu kana kwamba umeshika kifaranga. Habari za goti kugusa lami waachie wapiga picha.

Awamu ya kwanza chagua gia moja, ya tatu kwa mfano, uzunguke nayo tu bila kutafuta kasi. Mwendo mdogo unakuonyesha lami inavyoinamia ndani au nje, panapobonyea, kona inayozidi kubana ukiwa umeshaingia. Ya pili shughulikia alama za kugeukia. Ya tatu ndipo ugawe kona kwa thamani. Iliyo kabla ya mnyoofu mrefu ndiyo yenye faida, kwani mwendo unaotoka nao unausafirisha mnyoofu wote. Kona mbili zikifuatana, Mkuyuni na Butimba tuseme, kubali kuiharibu Mkuyuni ili Butimba utoke vizuri. Badilisha kitu kimoja kwa awamu moja, kisha kaa kivulini na daftari uandike kabla hujaanza stori na watu.

Ya kujizoeza hapa Mwanza ni machache: kusimama kwa breki kali ukiwa wima, kwenye eneo lililofungwa ulilopewa ruhusa, na kugeuza kichwa kabla ya usukani. Hilo la kichwa unaweza kulifanya kila siku kwa mwendo wa 50, na hakuna trafiki atakayekuuliza.

Bendera utafundishwa asubuhi kwenye kikao. Usikikose, viwanja vingine hawakuachii uingie bila hicho. Njano, hatari mbele, usipite mtu. Njano yenye mistari myekundu, lami inateleza. Nyekundu, awamu imesimamishwa: inua mkono, punguza taratibu bila kukanyaga breki ghafla, rudi piti, pale mnapotokea kuingia uwanjani. Nyeusi ukionyeshwa wewe, toka, kuna jambo na pikipiki yako au tabia yako. Ya mirabaraba, muda umekwisha. Kundi la wanaoanza kwa kawaida hupitana kwenye mnyoofu tu.

Kunywa maji kabla ya kiu, ndani ya ngozi ile jasho halionekani. Mchana kula kidogo. Ukianza kukosa alama zako za breki mara mbili tatu mfululizo, umechoka, hata kama mikono inakataa kukiri. Awamu ya mwisho isamehe, waangalie wenzako wanavyopita Nyegezi.

Jioni, kabla ya kupakia, bandua utepe kwenye taa ungali laini, rudisha vioo, pandisha upepo kwenye kipimo cha barabara. Ukifika nyumbani mwaga maji ya rejeta urudishe kulanti. Huku hakuna barafu, lakini maji matupu yanaleta kutu, na rejeta ya Super Four haipatikani Nyakato.