Mbuzi anakonda na majani yamejaa: minyoo ikishatibiwa, angalia tumbo lake la kwanza

Ilikuwa Machi, mvua bado zinanyesha na nyasi zimefika magotini, mama mmoja wa Tandahimba aliponiita nikamwangalizie mbuzi wake. "Bwana mifugo, majani si haya? Chumvi nawapa kila siku. Mbona wanakauka kama nimewafungia ndani?"

Nilimshika jike mmoja nikaivuta chini kope yake. Ndani peupe kama tui. Manyoya yamesimama, na machozi yamechora mstari mpaka karibu na pua.

Hapo usikimbilie vitamini. Anza na minyoo. Minyoo wafyonza damu huleta weupe huohuo, na wakati mwingine uvimbe laini chini ya taya. Ukiwa upande wa Liwale au Nachingwea, mfikirie na mbung'o, maana nagana, ugonjwa anaoueneza, nayo hukondesha na kumaliza damu. Peleka kinyesi na damu zikapimwe, kisha dawa ya minyoo itolewe kwa uzito wa mnyama. Hili la kukadiria kwa macho ndilo linalotuzalishia minyoo sugu.

Tuliwanywesha wote watano. Watatu walinawiri. Wawili walibaki wamesimama katikati ya majani wakiyanusa tu, kama mtoto aliyewekewa uji asioutaka. Hao ndio wa kuzungumzia leo.

Mbuzi akila jani, wa kwanza kulifaidi ni bakteria wa tumbo la kwanza. Wao hulichachusha na kutoa asidi, na mojawapo, propioniki, ndiyo ini la mbuzi hutumia kutengeneza sukari ya damu. Kazi hiyo ya ini inahitaji vitamini B12. Ikikosekana, asidi ile hulundikana kwenye damu na hamu ya kula hufa. Ndiyo maana mnyama anakonda na chakula kiko mdomoni pake.

B12 haitengenezwi na mmea wala na mnyama, ni bakteria tu. Katikati yake pana chembe ya madini ya kobalti. Ifikirie kama jembe: bapa la chuma ni lilelile, lakini kila fundi hutia mpini wake. Bakteria wa tumboni hutengeneza majembe ya mipini mingi, wanaazimana, na wapo wanaochomoa mpini wa mwenzao na kutia wanaoutaka wao. Kwao hayo yote ni majembe ya kulimia. Mbuzi hana uhuru huo. Mwili wake unaikubali vizuri mipini ya aina moja tu, na hiyo ndiyo B12 yenyewe. Kwa hiyo kobalti yote anayomeza, ni sehemu ndogo tu inayomfikia ikiwa B12 ya kweli. Nyingine wanaitumia wenyeji wa tumboni, na nyingi inatoka na kinyesi.

Na chakula kinaamua nani atawale humo ndani. Ukimjaza mnyama wanga, yaani pumba, makopa, au mahindi, tumbo linakuwa kali na B12 ya kweli inapungua. Mabibo nayo yaangalie. Msimu wa korosho mbuzi hujilia chini ya miti mpaka wavimbe, na sukari nyingi kwa mara moja huchachua tumbo vibaya. Majani yenye nyuzi yawe ndiyo mlo, hivyo vingine viwe kitoweo.

Kobalti anayohitaji ni kidogo mno: miligramu 0.1 hadi 0.2 kwa kila kilo ya chakula kikavu, uzito wa punje mbili tatu za chumvi laini. Lakini mchanga uliooshwa na mvua kwa kawaida ni maskini wa kobalti, na sehemu kubwa ya nyanda za juu za Makonde ni mchanga. Tatizo hili si geni Afrika Mashariki. Huko Nakuru, Kenya, ng'ombe walidhoofu kwa kukosa kobalti hata ugonjwa ukaitwa kwa jina la mji. Na chumvi ya mashamba yetu ya pwani, aliyokuwa akiitoa yule mama kwa moyo safi, haina kobalti ya maana. Ni chumvi tu.

Tiba ina mtego mmoja. Kobalti ikidungwa kwa sindano haisaidii, kwa sababu bakteria wanaoihitaji wako tumboni. Ni lazima ipite mdomoni, kidogokidogo, kila siku. Sindano inayofaa ni ya B12 iliyokamilika, na hiyo huonyesha haraka kama ulikisia sawa. Wale wawili walidungwa, na ndani ya wiki walikuwa wanagombania majani. Hicho si kipimo cha maabara, ila kwa mfugaji ni jibu zuri.

Baada ya sindano, lisha. Majani na maganda ya mbaazi na kunde baada ya kupura usiyachome. Mimea ya jamii ya kunde kwa kawaida huwa na kobalti nyingi kuliko nyasi, kwa kuwa hata bakteria wa mizizi yake wanaihitaji. Nunua jiwe la madini lenye neno kobalti kwenye lebo. Lenye shaba nyingi la ng'ombe usimpe kondoo, litamdhuru ini. Na msimu wa kupulizia salfa, usichunge chini ya mikorosho iliyotoka kupuliziwa. Salfa ikizidi tumboni bakteria huigeuza gesi yenye harufu ya mayai viza, na mnyama anaweza kupata ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na vitamini B1: anapofuka, anainua kichwa kutazama angani. Akifika hapo, mwite mtaalamu siku hiyohiyo.

Wanambuzi wachanga hawana bado bakteria hao, wanategemea maziwa. Mama akipungukiwa, nao watapungukiwa, hivyo jiwe lianze kwa majike wenye mimba. Litundike chini ya paa, usawa wa kifua cha mbuzi. La yule mama aliliweka kwenye kisiki uani, na mvua ya usiku mmoja ikamwachia kipande cha ukubwa wa embe dodo.