Unataka kufanya kazi na watoto na vijana walio kwenye mazingira magumu? Njia ni hii

Kila matokeo ya kidato cha nne na cha sita yakitoka nasikia swali lile lile kutoka kwa wadogo zangu, nataka kusaidia watoto wa mtaani, au mabinti waliokatishwa shule, au vijana waliotoka mahabusu, sasa nisome nini na nianzie wapi? Swali zuri sana na naomba nilijibu kwa urefu, maana wengi wanaingia hii kazi na huruma peke yake, baada ya mwaka wamechoka wameacha, na mtoto aliyeanza kuwazoea anabaki tena mwenyewe. Huruma uwe nayo, kama huna usije kabisa. Ila kinachomsaidia mtoto ni mtu anayerudi, yaani alisema Jumanne nitakuja kwa bibi yako na Jumanne kaja kweli, kaandika kwenye faili alichokikuta, mwezi ujao kaenda tena.

Naongelea Tanzania Bara, Zanzibar wana Sheria yao ya Watoto ya 2011 na Kenya wana ya kwao ya 2022.

Kwanza jua kazi yenyewe inaitwaje, kwa sababu ukitafuta "kazi ya kusaidia watoto" hutaiona popote. Serikalini ni Afisa Ustawi wa Jamii, na kuna Afisa Ustawi wa Jamii Msaidizi. Wapo halmashauri, wengine kwenye kata, hospitalini, mahabusu za watoto, shule ya maadilisho ya Irambo kule Mbeya, makao ya taifa ya watoto Kurasini. Sera zinatoka Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, ile iliyotenganishwa na Afya mwaka 2022, ila wa halmashauri wako chini ya TAMISEMI, ile ofisi ya serikali inayosimamia serikali za mitaa. Watu wanamchanganya sana na Afisa Maendeleo ya Jamii, yule anahangaika zaidi na vikundi, ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, uhamasishaji. Wa ustawi anashika shauri la mtu mmoja mmoja, mtoto huyu, familia hii, kesi hii. Kama moyo wako uko huko basi soma ustawi, usikubali mtu akwambie ni kitu kile kile.

Kuhusu kusoma sitakaa sana. Chuo kinachojulikana zaidi ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama Dar, ilianzishwa kwa sheria ya 1973, unaanza cheti mpaka shahada, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Hubert Kairuki nao wanafundisha. Kwa cheti kawaida wanataka ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini, cheti mwaka mmoja halafu diploma miaka miwili. Kabla hujalipa hata shilingi hakikisha kozi yenyewe imesajiliwa, cheti na diploma angalia NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), shahada angalia TCU (tume ya vyuo vikuu), maana chuo kinaweza kuwa na usajili na kozi isiwe nao. Na usione aibu kuanzia cheti, mtu aliyepanda ngazi kwa ngazi anafika shahada ameshakaa na familia nyingi kuliko yule aliyekaa darasani tu.

Sasa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Hapa ndo watu wanapoteza nafasi, wanaenda ofisi iliyo karibu na nyumbani wapate muhuri basi. Omba ofisi ya ustawi ya wilaya yenye mashauri mengi, na ukishafika muombe supavaiza wako akupeleke Dawati la Jinsia na Watoto polisi, akupeleke mahakama ya watoto (sheria inataka afisa ustawi awepo mahakama hiyo inapoketi, kwa hiyo ni kazi yenu ya kila wiki hiyo), akufundishe kuandika ripoti ya uchunguzi wa kijamii. Hii ripoti ibebe kwa uzito sana. Hakimu hajawahi kufika kwa huyo mtoto, anaijua familia kupitia karatasi yako, ukiandika "mazingira ya nyumbani si mazuri" hujamwambia kitu. Andika wanalala wangapi chumba kimoja, nani anapika, mtoto aliacha shule lini na mwalimu wake anasemaje, baba akiwepo anaongea naye vipi. Ulichokiona kiweke kama ulichokiona na ulichoambiwa useme umeambiwa na nani, usichanganye.

Nikupe mfano wa kazi yenyewe ili ujue unaingia wapi. Mtoto wa miaka 11 amekutwa stendi ya Nyegezi Mwanza usiku, anasema katoka Shinyanga na hataki kurudi. Usianze na maswali kumi mfululizo, polisi na abiria na wenye bodaboda wameshamuuliza yote hayo. Ale, akae sehemu salama, mwambie wewe nani na kazi yako nini, muulize anaitwaje na anaumwa wapi. Ukiona dalili kwamba kaumizwa au kafanyiwa ukatili wa kingono basi hospitali ndo inakuja mbele ya kila kitu, asiogeshwe wala kubadilishwa nguo kabla daktari hajamuona, na dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, mapema zaidi ndo bora, kwa hiyo habari za kusubiri Jumatatu ofisi ifunguliwe sahau. PF3, ile fomu ya polisi anayojaza daktari, inahitajika kwa ajili ya kesi. Kama hospitali ina kituo cha mkono kwa mkono mpeleke huko, pale daktari, polisi na mtu wa ustawi wako sehemu moja na mtoto hasimulii aibu yake mara nne kwa watu wanne.

Halafu alale wapi? Hapa nina msimamo na siufichi: makao ya watoto yawe mwisho kabisa. Anza na ndugu, shangazi, bibi, kaka mkubwa, ikishindikana kuna walezi wa kuaminika, hizi ni familia zilizoandaliwa kupokea mtoto kwa muda, na nyumbani kwako usimpeleke hata kama roho inakuuma, unamhatarisha yeye na unajihatarisha wewe. Asubuhi piga simu ustawi wa wilaya aliyotoka, waende kwao kabla mtoto hajarudishwa. Hii hatua inarukwa mno! Watu wanampandisha basi wanapiga picha imeisha hiyo, kumbe kilichomkimbiza bado kipo pale pale nyumbani, kipigo cha baba wa kambo au njaa au kachungishwa ng'ombe miaka miwili hajaona darasa, na baada ya wiki chache yuko stendi tena na sasa hivi hamwamini mtu yeyote. Kumrudisha kunaanzia kwa kuongea na mzazi, na mwalimu, na mwenyekiti wa kijiji, kisha ziara za kufuatilia miezi kadhaa mbele. Haipendezi kwenye picha lakini ndo kazi.

Mambo mawili ya tabia ambayo hayana mjadala. La kwanza, usimuahidi mtoto siri usiyoweza kuitunza, akikwambia "usimwambie mtu" mwambie kwa upole kwamba kama kuna kitu kinamuumiza itabidi uwashirikishe watu wa kumlinda, na utamwambia kabla hujafanya hivo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka hata mwananchi wa kawaida mwenye taarifa ya haki za mtoto kuvunjwa akatoe taarifa serikali za mitaa, sembuse wewe. La pili, picha. Usimposti mtoto, usiposti nyumba yao, usisimulie kisa chake status hata bila jina maana mtaani watu wanajuana. Atakua huyo, ataoa au kuolewa, atatafuta kazi, na ile picha itakuwa bado inazunguka.

Je kama hujaanza chuo? Unaweza kuanza sasa hivi. Nenda ofisi ya kata ulipo na barua ya serikali ya mtaa, omba kujitolea kwa mtu wa ustawi, kuna mafaili hayajapangwa na kuna ziara anakosa mtu wa kuongozana naye. Au omba kwenye mashirika yanayofanya kazi na watoto wa mtaani, Amani Moshi, Railway Children Africa Mwanza, na mengine madogo wilayani kwako. Wakikuuliza maswali mengi kuhusu wewe, wakataka wadhamini, wakakusainisha sera ya ulinzi wa mtoto, furahi, hiyo ni sehemu serious. Shirika linalokukabidhi watoto siku ya kwanza bila kukujua ondoka. Na namba 116 ishike kichwani, ni simu ya bure ya kusaidia watoto, mfundishe na mama ntilie na kondakta.

Kuhusu ajira niseme ukweli wote. Ofisi nyingi za kata hazina gari, nauli ya kumfuata mtoto mara nyingi inatoka mfukoni kwako, na nafasi za serikali haziji kila mwezi. Mashirika wanalipa vizuri zaidi ila mkataba unafuata fedha za wafadhili, mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kuna watu wazuri sana wa mashauri ya watoto walijikuta nyumbani ghafla, na watoto waliokuwa wanawafuatilia wakabaki hewani. Kwa hiyo hata ukiwa shirika, mashauri yako yaandike na kuyaunganisha na ofisi ya ustawi ya serikali tangu mwanzo, mradi ukifungwa mtoto awe na mtu anayemjua. Jiunge pia na chama cha wanataaluma wa ustawi wa jamii, TASWO, na tafuta mwenzako mmoja wa kazi hiyo hiyo mnayeongea kila wiki bila kutaja majina ya watoto, maana utasikia vitu vizito na ukivibeba peke yako vitakula usingizi wako.

Fungua akaunti Ajira Portal mapema, ule mtandao wa serikali wa kuombea kazi, jaza kila kitu, vyeti vyote pamoja na cha kuzaliwa viwe tayari. Usaili ni mchujo wa kuandika halafu mahojiano, na kwenye mahojiano wanapenda kukupa kisa kama kile cha Nyegezi, wanachosikiliza ni mpangilio wako: usalama wa mtoto, matibabu, taarifa kwa wahusika, tathmini ya familia, mpango, ufuatiliaji. Ukianza na "nitampeleka kituo cha watoto yatima" umejimaliza mwenyewe. Nafasi zikitangazwa kwa kawaida unapata kama wiki mbili tu, kwa hiyo usisubiri tangazo ndo uanze kutafuta mwanasheria wa kugonga muhuri nakala zako.