Kodi mbili, mshahara mmoja: hesabu kwa watoto wa Lubumbashi walio ugenini

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili yanayomaliza mshahara: kodi. Kuna ya mapato, inayokwenda serikalini, na kuna ya nyumba, inayokwenda kwa mwenye nyumba. Sisi wa Lubumbashi tunazitofautisha kwa Kifaransa, hii empo, ile lwaye. Nimekaa ugenini miaka ya kutosha na siku hizi naona heri tungeziacha na jina lao moja, kwa sababu anayeikimbia ya kwanza mara nyingi anaiangukia ya pili.

Swali la nyumbani unalijua. Mama mkubwa anapiga simu kutoka mtaa wa Katuba, Lubumbashi, anauliza habari za baridi, halafu: "Sasa wanakulipa ngapi?" Ukijibu dola 3,000 anazibadilisha kichwani kuwa franga, na kuanzia siku hiyo wewe ni tajiri. Tuzipige hesabu hizo 3,000 polepole.

Chukua mtu asiye na mume wala mke wala mtoto, ameajiriwa Marekani kwa mshahara huo, yaani dola 36,000 kwa mwaka. Kabla hajaziona, asilimia 7.65 imeshaondoka kwa ajili ya pensheni ya taifa na bima ya afya ya wazee. Hizo ni karibu dola 230 kwa mwezi. Inafuata kodi ya mapato ya serikali kuu. Kwa hesabu za mwaka 2025, dola 15,750 za kwanza hazitozwi kitu. Zinabaki 20,250: kati ya hizo 11,925 zinatozwa asilimia 10, na zilizosalia asilimia 12. Kwa mwaka inafika kama dola 2,190, kwa mwezi 183. Mkononi zinabaki 2,587, na bado hajakatwa bima ya afya ya kazini.

Mpaka hapo anayeishi Dallas, Texas, na anayeishi Cedar Rapids, Iowa, wako sawa. Tofauti ni jimbo. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, wakati Iowa tangu 2025 inatoza kila mtu asilimia 3.8. Kwa huyu mtu wetu Iowa inachukua dola 64 kwa mwezi. Nimeona familia zimepakia vyombo kwenye lori, watoto wametolewa shule katikati ya mwaka, kisa ni "Texas hakuna kodi". Wanafika Dallas, wanaambiwa bei ya vyumba viwili, na zile 64 zinasahaulika siku ya kwanza. Texas inapata fedha zake mahali pengine: kodi ya majengo ni kati ya zilizo juu nchini humo, na mwenye nyumba anairudisha kwa mpangaji. Ile ya manunuzi dukani nayo inafika asilimia 8.25, wakati Iowa haizidi 7. Leta, yaani serikali, haikosi mlango wa kuingilia.

Kipato kikipanda, hesabu inageuka. Fundi wa kompyuta anayelipwa dola 150,000 angeiachia Iowa zaidi ya dola 5,000 kwa mwaka. Huyo ana sababu ya kuhamia Texas. Anayefunga maboksi ghalani hana, labda kama anafuata ndugu au kazi bora.

Wanaoendesha teksi za programu au kupeleka vyakula majumbani wana shida yao peke yao. Hakuna bosi anayewakatia, kwa hiyo kila wiki wanaona pesa nzima na wanaila nzima. Kumbe mtu anayejiajiri analipa ile ya pensheni pande zote mbili, upande wa mwajiri na wa mfanyakazi, karibu asilimia 15.3 ya faida, kabla hata kodi ya mapato haijaguswa. Tarehe 15 Aprili inafika, hana kitu. Fungua akaunti ya pembeni na uweke humo robo ya faida kila Ijumaa. Andika maili za kila siku katika daftari au kwenye simu, kwa kuwa kila maili ya kazi inapunguza kiasi kinachotozwa.

Kanada kuna jambo dogo ambalo wengi hawaambiwi: jimbo unaloishi tarehe 31 Desemba ndilo linalotoza kodi yako ya mwaka mzima. Anayehama Quebec kwenda Alberta tarehe 28 Desemba na anayehama tarehe 3 Januari wamepishana siku sita tu, lakini mwaka wao wa kodi ni tofauti kabisa. Quebec inatoza zaidi, inakujazisha fomu mbili, moja ya serikali kuu ya Ottawa na moja ya jimbo, na dukani unaongezewa karibu asilimia 15 juu ya bei. Alberta dukani ni asilimia 5 tu. Ukiishia hapo utasema twende Alberta. Ila Quebec, ukipata nafasi katika kituo cha watoto kinachosaidiwa na serikali, unalipa chini ya dola 10 kwa siku kwa mtoto. Mama mwenye mapacha wa miaka miwili asihame kabla hajauliza bei ya kulelewa watoto huko anakokwenda. Kijana wa peke yake ana uhuru wa kufuata hesabu ya duka.

Ubelgiji inatisha kwa karatasi. Mfanyakazi anakatwa asilimia 13.07 ya hifadhi ya jamii kwanza, ndipo ngazi za kodi zinaanza: 25, 40, 45, 50. Juu yake manispaa inaongeza yake, na kiwango kinatofautiana kati ya manispaa moja na nyingine. Watoto wanaongeza kiasi kisichotozwa, kwa hiyo hakikisha wameandikwa kwenye anwani yako. Nilikaa Brussels nikilalamika kila mwisho wa mwezi, hadi mwanangu alipolazwa siku nne na bili ikaja ndogo kiasi kwamba niliisoma mara mbili nikidhani wamekosea. Rafiki yangu wa Marekani kwa ugonjwa kama huo alilipia kwa miezi. Unapolinganisha miji, weka pia siku ya kuugua ndani ya hesabu.

Kuhusu wale tunaowalisha nyumbani, kuna uongo unaozunguka. Marekani, mama aliyeko Katuba hawezi kuandikwa kama tegemezi wako, hata kama unga wote anaokula umeununua wewe. Tegemezi lazima awe raia au mkazi wa Marekani, au mkazi wa Kanada au Meksiko. Wapo wajazaji fomu wanaoandika binamu watatu wa Kamalondo ili urudishiwe pesa nyingi, wao wanachukua chao na kuondoka. Barua ikija, inakuja kwa jina lako. Ufaransa ni tofauti: msaada kwa mzazi mwenye shida unaweza kupunguzwa kwenye mapato hata akiwa Kongo, mradi uthibitishe shida yake na kila pesa uliyotuma. Kwa hiyo usitume mkononi kwa msafiri. Tuma kwa njia inayoacha risiti, na uitunze.

Marekani tena: tangu tarehe 1 Januari 2026, anayelipa taslimu kwenye dirisha la kutuma pesa nje anatozwa asilimia 1 ya ziada. Ukituma kutoka akaunti ya benki ya huko au kwa kadi iliyotolewa huko, haikuhusu.

Sasa nyumba. Karibu kila mmoja wetu anajenga au anaota kujenga, na mimi nilijenga Bel-Air, Lubumbashi. Kampuni moja ikapanga kwa dola 800 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza zikaja 640. Wa pili 640. Wa tatu nikampigia mdogo wangu, nikasema maneno ambayo hata sasa nikiyakumbuka naona haya. Aliniacha nimalize.

"Yaya, miye sikukula kitu. Kampuni inakataka makumi mbili ku mia, inapeleka ku leta. Karatasi iko hapa, sema tu nikupige foto."

Alikuwa na haki. Kodi ya mapato ya upangishaji ni asilimia 22. Mpangaji akiwa kampuni au shirika, anakata asilimia 20 mwenyewe na kuipeleka kwenye ofisi ya mapato ya mkoa, ambayo kwa Haut-Katanga, mkoa wa Lubumbashi, ni DRHKAT. Mwenye nyumba anatangaza mwanzoni mwa mwaka unaofuata na kumalizia asilimia 2. Mpangaji akiwa mtu wa kawaida, mara nyingi hakuna anayekukatia, yote 22 ni mzigo wako. Wengi hawalipi hadi siku mkaguzi anapobisha geti, na siku hiyo bei inakuwa nyingine. Basi kabla ya kutia saini mkataba na kampuni, uliza wazi: 800 hizi ni kabla ya kukata au baada? Mimi sikuuliza.

Ile karatasi ya DRHKAT ina kazi hata ulikohamia. Kongo ina mkataba wa kuzuia kodi mara mbili na Ubelgiji, na mwingine na Afrika Kusini. Aliye Ubelgiji bado anapaswa kuitangaza nyumba yake ya Lubumbashi kwenye ofisi ya kodi ndani ya miezi 4 tangu kuinunua, na kutotangaza kuna faini. Marekani haina mkataba huo nasi. Raia na mwenye kadi ya kijani anatangaza mapato ya dunia nzima, pamoja na 800 za Bel-Air, kisha anaomba apunguziwe kwa kodi aliyokwisha kulipa Kongo. Bila karatasi huna cha kuonyesha. Na akaunti zako za nje zikifika pamoja zaidi ya dola 10,000, hata siku moja tu katika mwaka, unaziripoti.

Kuhusu kiasi cha kutuma, usihesabu kwa dola peke yake. Mwanzoni mwa 2025 dola moja ilileta zaidi ya franga 2,800, na kabla mwaka haujaisha franga ilikuwa imepata nguvu ghafla huku bei sokoni zikisita kushuka. Familia iliyopokea dola 200 zilezile ilijikuta na pungufu, na ugomvi ukaanza kwenye simu. Dola zenyewe ziwe safi: noti yenye mpasuko wa milimita mbili inakataliwa hata na muuza makaa.

Unga wetu mwingi unapitia Kasumbalesa kutoka Zambia. Zambia ikifunga mahindi yake, mfuko wa kilo 25 unapanda wiki hiyohiyo, na miezi mibaya ni ile ya Januari hadi Machi kabla ya mavuno. Mwaka huu sikungoja kilio. Nilituma pesa ya mahindi mwezi wa sita, yakiwa mengi. Mdogo wangu alinunua magunia sita, akayapanga ukutani, akanipigia picha. Juu ya gunia la kwanza alikuwa amebandika risiti ya DRHKAT, ili nisiulize.